Ng'ombe wa asili wa milimani Buhigwe: tuanze na ndama

Asubuhi moja ya Januari, baada ya mvua ya usiku kucha, mzee mmoja wa kijiji cha milimani wilayani Buhigwe, mkoani Kigoma, aliniita zizini kwake. "Bwana Mifugo, huyu jana kanyonya vizuri. Leo hata kusimama hataki." Ndama jike wa miezi mitatu alikuwa amelala, mbavu zikipanda na kushuka. Nikaligeuza sikio lake. Ndani, kupe wa kahawia walikuwa wamebanana kama punje za ulezi. Chini ya sikio, tezi ilikuwa imevimba ikajaa kiganjani kama ndimu. Ilikuwa ndigana kali, ugonjwa unaoletwa na kupe, na tulikuwa tumechelewa.

Mzee yule si mzembe. Ng'ombe wake wa pembe ndefu, Ankole wa jadi, anawajua mmoja mmoja kwa ukoo. Zizi lake limekaa juu ya shamba la migomba, mkojo na samadi vinateremkia mashinani, jambo ambalo wafugaji wengi wa mjini wangelilipia fedha. Ufugaji wa wazee wetu una akili nyingi. Mahali unapovuja ni kwa ndama, na hapo ndipo ninapoomba tuweke nguvu.

Kupe wa ndigana kali haambukizi papo hapo anapouma. Hunyonya siku kadhaa kwanza, ndipo vimelea vinakomaa mateni mwake na kuingia kwa ng'ombe. Siku hizo ndizo nafasi yako. Kuanzia mvua za Oktoba au Novemba hadi zinapokatika Mei, ogesha kwa dawa ya kupe kila wiki, na katikati ya wiki kagua masikio kwa vidole. Bomba la mkono hulowesha mgongo likaacha ndani ya sikio na chini ya mkia, kwa hiyo maliza sehemu hizo kwa kitambaa kilicholoweshwa dawa hiyo hiyo, mikononi umevaa glovu. Kipimo cha dawa kifuate maelezo ya chupa. Dawa hafifu huua kupe wanyonge na kuwaacha wale sugu wazaane. Kupe unaowatoa, watie motoni, usiwatupe zizini.

Ipo pia chanjo ya ndigana kali, sindano moja kwa maisha ya mnyama, inayotolewa pamoja na sindano ya OTC (antibiotiki ya oksitetrasaiklini). Huhifadhiwa kwenye baridi kali mno, na ikishayeyushwa lazima itumike siku hiyo hiyo, kwa ndama wengi kwa mpigo. Mfugaji mmoja mwenye ndama wawili hawezi kuipata peke yake. Kaeni kitongoji kizima, hesabuni ndama, kisha mwiteni mtaalamu kwa siku moja. Ukiona tezi imevimba na mnyama ana homa, usisubiri mpaka povu litoke puani. Na usichome OTC peke yake ukadhani umetibu, kwani ndigana kali ina dawa yake.

Sasa maziwa. Ng'ombe wetu hutoa lita moja au mbili kwa siku, na najua kuna watoto wanaosubiri uji. Hata hivyo, dang'a, yaani maziwa ya kwanza baada ya kuzaa, ni ya ndama, aipate ndani ya saa sita tangu azaliwe. Baada ya hapo, mwachie chuchu moja nzima kwa miezi mitatu ya kwanza, ukibadilisha chuchu kila siku. Ndama aliyekamuliwa haki yake hana nguvu ya kupambana na kupe wala minyoo.

Ndama mnyonge huanzia pia kwenye njaa ya mama yake. Kuanzia Juni hadi Septemba vilima vinakauka, wengine wanavichoma moto wapate majani mabichi, kisha mvua ya kwanza inabeba udongo wote bondeni. Wenzetu wa Nzega na Shinyanga wana ngitili: kipande cha malisho kinafungwa wakati wa mvua, kinafunguliwa kiangazi. Hata nusu eka inasaidia. Mabua ya mahindi na makapi ya maharage yapandishe kwenye uchanja chini ya paa, na siku ya kulisha yakatekate, uyanyunyizie maji ya chumvi. Ya Uvinza inafaa. Shina la mgomba ni maji zaidi kuliko chakula, changanya tu. Ukilazimika kuteremsha ng'ombe kwenye mabonde yenye maji, ongea na afisa mifugo kuhusu dawa ya minyoo ya ini.

Fahali naye asiwapande binti zake. Badilishaneni na kijiji cha bonde jingine kila miaka mitatu hivi, na kabla fahali mgeni hajaingia zizini apimwe ugonjwa wa kutupa mimba.