Kupanga mtoto ukiwa intani au MMed: anza na siku ya kurudi zamu

Ukitoka kidato cha sita na miaka 20, MD (shahada ya kwanza ya udaktari) inachukua miaka 5, intani (mafunzo ya kazi hospitalini baada ya MD) mwaka 1, halafu ajira, halafu MMed (shahada ya uzamili ya ubingwa) miaka 3 au zaidi. Anayesubiri vyote viishe huwa anaikaribia 35, umri ambao mimba hushika kwa shida zaidi na kuharibika kwa urahisi zaidi. Kwa madaktari wengi wa Tanzania, basi, mtoto wa kwanza ataingia katikati ya safari. Kinachobaki ni kutafuta mahali ambapo pengo la kutokuwepo kwako linazibika.

Kosa la kawaida ni kupanga mwezi wa kujifungua na kuishia hapo. Panga mwezi wa kurudi kazini, kisha hesabu kurudi nyuma. Chukua mfano, tukihesabu mbele ili uone hatua zake: hedhi ya mwisho imeanza tarehe 10 Oktoba. Ongeza siku 7, toa miezi 3, unapata tarehe ya matarajio ya kujifungua: 17 Julai. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini inampa mwajiriwa siku 84 za likizo yenye malipo (100 kwa mapacha), na anaweza kuianza wiki 4 kabla ya tarehe ya matarajio. Ukiianza wiki 2 kabla, yaani 3 Julai, inaisha 24 Septemba. Kesho yake unaingia wodini ukiwa na mtoto wa wiki 10.

Sasa angalia usiku. Sheria hiyohiyo inakataza mama kupangwa kazi ya usiku, kati ya saa 2 usiku na saa 12 asubuhi, kwa miezi 2 kabla ya tarehe ya matarajio na miezi 2 baada ya kuzaa. Kwa mfano wetu kinga hiyo imekwisha 17 Septemba, kabla hujarudi. Unaangukia kwenye zamu za usiku moja kwa moja, huku miezi 6 ya kunyonyesha maziwa ya mama pekee ikifika hadi katikati ya Januari. Njia ya kisheria ipo: cheti cha daktari kinachosema afya yako au ya mtoto bado hairuhusu kazi ya usiku. Kama hakuna sababu ya kitabibu, ongea na mpanga ratiba mapema ili mwezi wa kwanza wa kurudi uangukie kwenye kliniki. Taarifa ya likizo yenyewe hutolewa angalau miezi 3 kabla ya tarehe ya matarajio, kwa maandishi, pamoja na cheti cha daktari. Weka nakala. Na kumbuka likizo hii inahesabiwa kwa mzunguko wa miezi 36 kwa mwajiri mmoja. Mtoto wa pili akija ndani ya mzunguko huo, usidhani siku 84 nyingine zinakusubiri.

Mwanafunzi wa MD si mwajiriwa, kwa hiyo hayo yote hayamhusu. Ana likizo ya mwisho wa mwaka, au kuahirisha masomo kwa barua. Ukiahirisha, bumu (fedha ya mkopo wa mwanafunzi) nalo husimama, basi pitia kwa afisa mikopo wa chuo kabla ya kusaini chochote.

Intani hukamilika kwa rotesheni (kupita idara moja baada ya nyingine), na wiki ulizokosa utazilipa mwishoni kabla ya usajili kamili. Hilo si janga, ila lipangie bajeti. Kichefuchefu hukaba kati ya wiki ya 6 na ya 12 ya mimba. Upasuaji na wodi ya wazazi viombe viangukie wiki ya 14 hadi 27, kipindi ambacho nguvu hurudi kidogo. Kwa MMed, mwaka wa kwanza uepuke kama unaweza. Muda mzuri zaidi ni wa tasnifu, hasa ukusanyaji wa data ukiwa na msaidizi.

Maandalizi ya mwili yaanze mapema. Anayetumia Depo, sindano ya uzazi wa mpango, aiache karibu mwaka mzima kabla, maana uzazi unaweza kuchukua miezi 10 hivi kurudi baada ya sindano ya mwisho. Kijiti na kitanzi havina shida hiyo. Foliki asidi miligramu 0.4 kila siku, kuanzia angalau mwezi 1 kabla hadi wiki ya 12. Chanjo ya rubela, kama huna kinga, ichomwe na usubiri mwezi 1 kabla ya kushika mimba. Chanjo ya homa ya ini B ni dozi 3 ndani ya miezi 6, na unaweza kuchomwa hata ukiwa mjamzito. Usipange mwezi mmoja tu wa kushika mimba: hata wenzi wenye afya, takribani 8 kati ya 10 ndio hufanikiwa ndani ya mwaka. Acha nafasi ya miezi 4 au 5 kila upande wa mtihani.

Mimba ikishika, mwambie msimamizi mapema kuliko mila inavyotaka. Kwenye theta (chumba cha upasuaji) yenye eksirei, kikomo cha mionzi kwa kijusi ni milisiveti 1 kwa muda wote uliobaki wa mimba, na hakuna atakayekulinda kama hajui. Dawa za saratani usizichanganye wewe. Ukijichoma kwa bahati mbaya na sindano iliyotumika kwa mgonjwa, dawa za kinga dhidi ya VVU zianze ndani ya saa 72, mimba ikiwepo au isiwepo.

Ukirudi, dai muda wa kunyonyesha, hadi saa 2 kwa siku. Ni wa kisheria. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 kwenye nyuzi 25, na Dar es Salaam mara nyingi inazidi hapo, kwa hiyo beba kiboksi chenye barafu (saa 24) au omba kona ya friji isiyo ya sampuli (siku 4). Dada wa kazi au bibi wa mtoto afike wiki 3 kabla hujarudi, na mtoto azoeshwe kikombe kabla ya zamu ya kwanza ya usiku.