Kuomba masomo ya kuwa metresi (mwalimu) wa materneli hapa Lubumbashi: uanzie wapi, na karatasi gani

Ikifika tu mwezi wa 7 maswali yanaanza: mdogo wangu anapenda watoto, anataka kufundisha materneli, tumuandikishe wapi? Na majibu yanakuja mbio mbio, nenda senta fulani, miezi mitatu tu unatoka na brevet (sertifika ya senta), franka kidogo, hakuna mambo mengi. Sasa mimi kabla ya habari ya bei naombaga mtu aulize kitu kimoja: ile karatasi ya mwisho, nani anaisaini? Brevet ya senta, shule ya prive inaweza kuipokea, na wako wengi wanafanya nayo kazi, komini ya Kampemba, ya Katuba, ya Kenya, kila mahali. Ila siku utataka kuingia kwenye malipo ya Leta (serikali), ao kuendelea na masomo ya juu, watakuomba diploma ya Leta, na brevet utarudi nayo nyumbani. Kwa hiyo hapa naeleza njia ya diploma. Ni ndefu, sikatai.

Tuelewane kwanza materneli ni nini. Kwa sheria ya elimu ya tarehe 11/2/2014 (ile namba 14/004) materneli ni ya watoto wa miaka 3 mpaka 5, na inachukua miaka 3 kabla ya primer (shule ya msingi). Primer ya Leta ni bure tangu mwezi wa 9 mwaka 2019, lakini materneli haikuingia humo, wazazi bado wanalipa minervali (karo), njo maana materneli nyingi za hapa mjini ni za prive ao za makanisa. Ujue hilo mapema, juu litaamua nani atakulipa kesho. Na wakaka wanaosoma hapa, diploma haina ya mwanamke na ya mwanaume, ni mazoea tu ya watu, usiogope kuomba.

Angalia wewe uko upande gani

Kama ni mtoto aliyemaliza 8e na TENASOSP yake (mtihani wa mwisho wa 8e), njia yake ni humanite pedagojike, ile sekonderi ya ualimu, miaka 4, opsio (mchepuo) pedagojie jenerale. Walimu wengi wa primer na wa materneli unaowaona wametokea humo. Akimaliza anapita EXETAT (mtihani wa Leta wa kumaliza sekonderi), anapata diploma ya Leta, na anaweza kuanza kazi palepale bila kupita kwanza universite.

Kama tayari una diploma ya Leta lakini ya opsio nyingine, bioshimi, komersiale, kushona, vyovyote, hauna haja ya kurudi sekonderi. Unapanda juu: ISP Lubumbashi (chuo cha kufundisha walimu), ao UNILU kwenye Fakulte ya Saikolojia na Sayansi ya Elimu. Siku hizi ni mfumo wa LMD, lisanse ni miaka 3, semesta 6, kredi 180. Baba zetu bado wanasema grada, wanasema G3, ukisikia hivyo usichanganyikiwe, ni hesabu ya zamani ya grada miaka 3 halafu lisanse miaka 2 juu yake.

Na kama ni mama ama dada mkubwa aliyeacha masomo katikati, labda anasaidia watoto kwenye materneli ya kartie miaka yote hii, kuna mlango wa otodidakte. Unaandikishwa kama mtu aliyejisomea mwenyewe, unapita kwanza mtihani wa preliminer, ukifaulu huo njo unaingia EXETAT pamoja na wengine. Habari za tarehe na mahali uchukue inspeksio (biro ya wakaguzi wa shule), kwa biro yenyewe, usichukue kwa mtu wa barabarani anayesema ana namba ya mukubwa.

Karatasi: hapa njo watu wanapoteza mwaka

Dosie yenyewe haitishi. Kwa kawaida wanaomba bulteni (karatasi za pointi) za kalasi zilizopita (kwa chuo, bulteni za 3 na 4 ya humanite), diploma ya Leta ama atestasio ya kufaulu kama diploma haijatoka, karatasi ya kuzaliwa, karatasi ya mwenendo mwema (bonne vie et moeurs) kutoka komini, sertifika ya afya kutoka kwa daktari, na picha pasporti. Picha utoe nyingi kuliko wanazoomba, kila biro itataka moja.

Shida si kuzipata, shida ni majina. Sisi tuna jina, postnom na prenom, na kila mwandishi anayaandika anavyosikia. Chukua bulteni zako zote, ziweke juu ya meza na karatasi ya kuzaliwa pembeni, usome herufi kwa herufi. Bulteni ya 1 imeandikwa Mwamba, ya 2 Muamba, karatasi ya kuzaliwa Mwamba tena lakini postnom na prenom zimegeuzwa, tarehe ya kuzaliwa ni 12 hapa na 21 kule. Wewe unajiona ni mtu mmoja, mtu wa biro anaona watu watatu. Halafu angalia ile mistari ya juu kwenye bulteni, kuna vijisanduku vya N° PERM, hiyo ni namba ya mwanafunzi inayotoka SERNIE (biro ya Leta ya kutambua wanafunzi), mara nyingi wanaviacha vitupu na mzazi hajali, kumbe namba hiyo itatafutwa wakati wa kuandika watu wa EXETAT. Vikiwa vitupu, rudi kwa sekreteri wa shule ungali mapema, uombe kwa upole, na usitoke mpaka umeona ameandika nini kwenye buku lake.

Kosa likiwa kwenye bulteni, shule iliyotoa bulteni njo inarekebisha. Likiwa kwenye karatasi ya kuzaliwa, hiyo ni ya eta sivili (biro ya kuandika vizazi) kwenye komini. Na kama hukuandikishwa kabisa ulipozaliwa (sheria inapea mzazi siku 90, na wengi wetu zilipita), karatasi yake ni ya tribinali, wanaita jugement suppletif, komini inaandika akti kufuatana na hiyo. Inakula wakati, kwa hiyo anza mwezi wa 5, mwezi wa 6, usingoje mwezi wa 9 wakati kila mtu amepanga mustari kwenye komini.

Kwa sertifika ya afya nenda hospitali yenye daktari wa kweli na kashe (muhuri) yake, Sendwe ama nyingine. Zile zinazouzwa tayari zimejazwa pale kwenye sekretaria ya kopi, jina tu njo linakosa, ziache. Kopi zako za diploma zipeleke zigongwe kashe ya kuthibitisha (legalizer) kabla ya kupeleka dosie, na orijino usiiache kwa biro yoyote. Wakitaka kuiona, waione mbele yako, na uirudishe kwenye anvelopu.

Kabla ya kulipa, ona arete (karatasi ya kibali cha Leta)

Hii ni kwa wa humanite pedagojike zaidi. Mji huu una shule nyingi zenye bango zuri na yunifomu nzuri, lakini kibali cha Leta kinatolewa kwa opsio, shule inaweza kuwa na kibali cha komersiale na haina cha pedagojie. Matokeo yake wanafunzi wanasoma miaka 4 na wakati wa EXETAT wanaandikwa kwa namba (code) ya shule nyingine, na bulteni zinakuja na jina la shule ambayo mtoto hajawahi kuingia. Wewe ingia kwa prefe (mkuu wa shule), kaa, salimia vizuri, sema: Papa Prefe, naomba kuona arete ya agrema ya opsio pedagojie. Prefe aliye nayo anaitoa kwenye kabati ama anaonyesha ile iliyotundikwa ukutani. Akianza, aaah mama, ile iko Kinshasa, itakuja, basi shukuru na uondoke. Shule za konvansione za Wakatoliki ama Waprotestanti unaweza pia kuulizia kwenye kordinasio yao, na ukitaka uhakika zaidi pita sou-divizio (biro ya Leta) ya elimu ya upande wako, wana listi.

Kujiandikisha kwenyewe

Sekonderi ni rahisi, unapeleka bulteni na karatasi, wengine wanafanya testi ya kuingia, unalipa, unapewa resi. Masomo yanaanza wiki ya kwanza ya mwezi wa 9, lakini nafasi zinakwisha mwezi wa 8.

Chuoni inazunguka kidogo. Unachukua fomu ya kuandikishwa, unalipa pesa za inskripsio benki (usimpe mtu mkononi, hata kama amevaa beji), unarudi na bordero (karatasi ya benki ya malipo), unaweka dosie yote pamoja, halafu aparitora (biro ya kuandikisha wanafunzi) inakuandika. Pursentaji yako ikiwa ya chini jitayarishe kwamba wanaweza kukuomba kupita testi ama konkuru, hiyo si dhambi, kuna watu wenye 52 wamefanya vizuri kuliko wenye 70. Bordero piga kopi siku hiyohiyo, ile wino ya mashini ya benki inafutika na jua la hapa. Kama unapiga kopi mjini angalia moto (umeme) wa SNEL kwanza, wakikata saa nne wewe na dosie yako mtakaa kwenye benchi mpaka jioni.

Ukisha kuingia, ujue utaombwa nini

Watu wanadhani kufundisha materneli ni kuimba na kufuta pua. Programu ya Kongo inataka activite za kila aina: za hisia, za hesabu, za lugha, za muziki, za mwili, za kujenga, za teatro, na zile za mtoto kufanya anachopenda. Na kila moja unaiandikia fishi ya preparasio, lengo, vyombo, hatua, namna ya kuona kama mtoto ameelewa. Kwenye staji (mazoezi ya kufundisha) utaingia na fishi yako safi, activite ya hisia, sahani tatu, moja chumvi, moja sukari, moja unga wa mahindi, watoto wafunge macho waonje na waseme ni nini. Fishi haijaandika kwamba yule wa mbele atamaliza sukari yote kabla ya wenzake kufunga macho, na mwalimu anayekuangalia yuko nyuma na kalamu yake. Hapo njo wanaona kama unaweza hii kazi. Kwa hiyo nunua vyombo viwili viwili, na kaye ya staji isainiwe kila siku, saini za kukusanya siku ya mwisho zinaleta maneno.

Kiswahili chako kitakusaidia kuliko unavyodhani. Ni moja ya lugha 4 za taifa, na sheria ya 2014 inakubali lugha za taifa zitumike kufundishia. Wazazi wa prive watakusukuma na Kifaransa tangu siku ya kwanza, lakini mtoto wa miaka 3 anayelia anataka mama yake hatulizwi na «tais-toi», mtulize kwa lugha ya nyumbani, Kifaransa kitafuata.

EXETAT kwa wa pedagojie

Inaanza na hors-session (sehemu ya kabla ya mtihani wenyewe): disertasio ya Kifaransa, na juri, ambapo mwenye opsio hii anaonyesha pia upande wa pratike, njo maana nimesema staji usiichezee. Baadaye sesio ordiner, siku 4, kiltire jenerale, kozi za opsio, lugha, sayansi. Wengi wa pedagojie wanaangukia siku ya sayansi, juu miaka yote wamejiambia mimi ni wa watoto, hesabu za nini. Ianze mapema na upate mtu wa bioshimi akusaidie.

Ukifaulu, diploma yenyewe inachelewa kutoka. Omba atestasio ya kufaulu shuleni, hiyo njo utatembea nayo.

Kuomba kazi

Kwa prive ni barua ya maombi, sive, kopi ya diploma ama atestasio, na mara nyingi wanakuweka kalasini wiki ya majaribio. Uliza kabla ya kuanza kama wiki hiyo inalipwa, na kama mwezi wa 7 na wa 8 wa vakansi mshahara unaendelea, juu shule nyingi zinalipa miezi ya masomo tu. Watake wakuandikie kontra.

Kwa shule ya Leta ama ya konvansione, kinachohesabika ni komisio d'afektasio, yaani barua inayokutuma kwenye shule hiyo, na proseverbali ya kuanza kazi, tarehe uliyoshika chaki. Karatasi hizo pamoja na diploma njo zinakwenda DINACOPE, biro ya Leta ya malipo ya walimu (wazee wanaita bado SECOPE), ili upate matrikule (namba ya mwalimu). Mpaka matrikule itoke na jina liingie kwenye listi ya malipo utaitwa NU (nouvelle unité, mwalimu mpya asiyelipwa bado na Leta), na kuna walimu wamekaa NU miaka na miaka wanafundisha kila asubuhi. Kwa hiyo siku ya kupeleka dosie uwe na kopi ya pili ya kila karatasi, waipige kashe ya kupokea na tarehe, na hiyo yenye kashe ibaki kwako nyumbani, usimwachie direktere hata akiwa mtu mzuri, juu yeye pia anaweza kuhamishwa.