Miiba ya spektra: pima shaka kabla ya kushika spana

Hapa Uyole, Mbeya, mashine za kusaga ni nyingi, na mwenye mashine akiniita swali lake huwa ni lilelile: "Fundi, beringi imekufa au bado?" Siku hizi narekodi mtetemo kwanza, kwa simu. Tatizo ni kwamba mchoro wa spektra, yaani ule unaoonyesha nguvu ya mtetemo kwa kila masafa, hujaa miiba (vilele vyembamba), na mingi ni bahati tu.

Funga simu kwa utepe imara kwenye chuma kinachoshika beringi. Ikilegea, utapima simu badala ya mashine. Rekodi sekunde 80 kwa phyphox, programu ya simu inayosoma vihisi vyake, sampuli (vipimo) 200 kwa sekunde kama simu yako inafika huko. Mahindi yaingie kwa kasi ileile muda wote. Hili watu hulidharau. Mota ya poli nne kwenye umeme wa hezi 50, ikiwa na mzigo, huzunguka karibu mara 1,440 kwa dakika, yaani hezi 24. Debe likiisha katikati, mota inapanda kuelekea 1,500 na mwiba unahama kuelekea hezi 25. Hesabu zinazofuata zinadai mashine iwe katika hali moja mwanzo hadi mwisho.

Sasa, usiipige Furie (hesabu inayogeuza rekodi kuwa spektra) rekodi yote kwa mkupuo mmoja. Kwa mtetemo wa kelele, yaani wa kubahatisha usio na mpangilio, kila thamani utakayopata hutawanyika kwa kiasi kinacholingana na thamani yenyewe. Hata urekodi saa nzima, utaongeza pointi tu, nazo zitayumba vilevile. Mpaka wa asilimia 95, yaani eneo ambamo thamani halisi inatarajiwa kuwamo, unaanzia 0.27 ya ulichopima hadi mara 39.5. Kwa shaka ya namna hiyo humwambii mtu atoe hela ya beringi.

Dawa ni njia ya Peter Welch ya mwaka 1967: kata rekodi vipande, kokotoa spektra ya kila kimoja, chukua wastani. Mimi hukata sekunde 4 kwa dirisha la Hann (linalofifisha kingo za kila kipande), vipande vikipishana nusu kwa nusu. Vinapatikana 39, na kwa kuwa majirani wanachangia data, nguvu yake ni kama ya vipande 37 vinavyojitegemea. Zidisha kwa mbili: digrii za uhuru 74, yaani idadi ya taarifa zinazojitegemea. Kwenye SciPy, maktaba ya hesabu ya lugha ya Python, andika welch(x, fs=200, nperseg=800). Hiyo nperseg usiiache wazi, maana itajichukulia 256 na vipande vitakuwa vya sekunde 1.28 tu. Kisha gawanya 74 kwa chi2.ppf(0.975, 74), namba ya mgawanyo wa kai-mraba ambayo SciPy hukupa, halafu kwa chi2.ppf(0.025, 74). Utapata 0.74 na 1.42. Zidisha spektra kwa namba hizo, hiyo ndiyo mipaka yako. Ukichora kwa desibeli, upana wake ni uleule kila mahali, hivyo mstari mmoja pembeni mwa mchoro unatosha.

Kuna mtego. Kuanzia hezi 0 hadi 100 kwa hatua ya 0.25 una pointi 401. Asilimia 5 yake ni kama 20, na hizo zitatoka nje ya mipaka hata kwenye mashine nzima kabisa. Ndiyo maana naandika kwenye daftari masafa ninayoyatafuta kabla sijafungua mchoro.

Mwiba wa mzunguko wenyewe, ule wa hezi 24, si kelele, na kai-mraba haiuhusu moja kwa moja. Huo utazame kipande kwa kipande uone urefu wake unavyotofautiana.

Ukilinganisha wiki hii na iliyopita, gawanya spektra moja kwa nyingine, kubwa kwa ndogo, kwenye masafa uliyoyaandika. Kwa vipimo viwili vya aina hii, uwiano ulio chini ya 1.6 mimi siuhesabu kuwa badiliko. Namwambia mwenye mashine aendelee kusaga, nitarudi kupima tena, na gharama ya beringi haimo kwenye hesabu ya siku hiyo.