Nzi wa Zeituni: Mzuie Kabla Hajatoboa Tunda

Funza akishaingia ndani ya zeituni, mkulima wa kilimo hai hana cha kumfanya. Nzi jike (Bactrocera oleae) hutoboa ngozi ya tunda na kutaga humo, kwa kawaida yai moja kwa kila tunda. Funza hula nyama mpaka karibu na kokwa, tunda huoza au kudondoka, na mafuta yake huwa na asidi nyingi. Kwa hiyo vita vyote ni dhidi ya nzi mzima, tena kabla hajataga.

Anza mavuno yakiisha. Matunda yaliyosahaulika mtini na yaliyoanguka chini ndiyo ghala la nzi wa msimu ujao. Yaokote yote, hata ya ule mti mmoja wa uani usiovunwa. Wakulima wengi huiruka kazi hii kwa uchovu, nami naiona ndiyo yenye faida kuliko zote.

Kokwa zinapoanza kuwa ngumu, nzi huvutwa na matunda. Mitego iwe tayari imetundikwa. Chupa ya plastiki iliyotobolewa matundu ya milimita 5 sehemu ya juu inatosha. Ndani tia gramu 40 za DAP (fosfati ya diamonia, ile ya chumvichumvi) kwa kila lita ya maji. Hewa yake ya amonia huwaita nzi, hasa majike. Kanuni za kilimo hai za Umoja wa Ulaya zinairuhusu DAP kama chambo cha mtegoni tu, kamwe si mbolea. Tundika upande wenye kivuli, uongeze maji yanapopungua.

Kagua mitego kila wiki. Joto likipita nyuzi 35 nzi hutulia na mayai mengi hufa, lakini usilegee: kukipoa wanarudi. Idadi ikipanda, nyunyizia udongo mweupe wa kaolini, kilo 5 hivi kwa lita 100 za maji, mpaka matunda yapauke. Nzi huona tabu kulitambua tunda na kutaga juu ya vumbi hilo. Mvua kubwa ikiuosha, rudia. Chambo chenye spinosadi (dawa ya wadudu itokanayo na bakteria) nacho hufaa pale mkaguzi wako anapokiruhusu; kipige madoa machache tu, usilowanishe mti mzima, maana spinosadi ambayo haijakauka huua nyuki.

Adui mwingine, nondo wa mzeituni (Prays oleae), ana vizazi vitatu kwa mwaka: cha majani, cha maua na cha matunda. Bacillus thuringiensis, bakteria anayeua viwavi, hufanya kazi vizuri kwenye kizazi cha maua, viwavi wakiwa wadogo.

Ukiona masizi meusi kwenye majani, tafuta wadudu magamba (wafyonza utomvu wanaong'ang'ania matawi na majani), kisha tafuta sisimizi. Sisimizi hulamba utamu unaotolewa na magamba, ambao ndio huotesha masizi hayo, na kuwafukuza nyigu wadogo wanaowaua. Zungushia shina mkanda wenye gundi, pogoa katikati ya mti hewa ipite, na punguza samadi, kwani nitrojeni nyingi hunenepesha magamba.