Somo: Mradi wa huduma wa klabu ya shule, tangu wazo hadi ripoti

Ndugu viongozi na walezi wa klabu, leo tunafuata mradi mmoja wa huduma kuanzia wazo linapozaliwa hadi ripoti inapobandikwa ukutani. Hatua hizi zinaifaa klabu iliyo chini ya chama kikubwa cha huduma, kama Interact ya Rotary iliyoanza mwaka 1962, klabu iitwayo Leo ya Lions iliyoanza 1957, au Key Club ya Kiwanis ya tangu 1925. Zinaifaa pia klabu mliyoianzisha wenyewe mwezi uliopita.

Hatua ya 1: Nendeni mkaulize

Klabu nyingi huanza na swali "tukusanye nini?" Nilipokuwa mwanafunzi na katibu wa klabu yetu, nasi tulianza hivyo. Tulikusanya nguo kwa wiki tatu, tukajaza magunia, tukayapeleka kwenye kituo cha watoto. Msimamizi alitupokea vizuri, akatushukuru, kisha akafungua stoo: nguo zilikuwa zimejaa hadi mlangoni. Jioni ile ile tuliwaona watoto wamebanana chini ya taa moja wakijisomea. Hakuna aliyetuficha shida hiyo, ila hatukuwa tumeuliza.

Sasa mimi ni mlezi, na klabu yangu haichangishi hata senti moja kabla wanachama wawili au watatu hawajaenda kukaa na wahusika. Ulizeni wanapungukiwa nini, wana nini cha kutosha, na nani mwingine anawasaidia. Andikeni majibu. Ulizeni pia kuhusu kazi za mikono, kwa sababu mara nyingi jibu halihitaji fedha kabisa: kufyeka uwanja, kupanga maktaba, kuwasomea wazee ambao macho yamefifia.

Hatua ya 2: Lengo linalohesabika

"Kusaidia jamii" ni nia njema, lakini haipimiki. "Kununua taa 6 za kusomea na kuzifunga kabla ya mitihani" mchangiaji analielewa papo hapo, nanyi mtajua kama mmefika. Lipitishwe kwenye kikao chenye akidi, yaani idadi ya wanachama inayotosha kufanya maamuzi, katibu aliandike kwenye muhtasari.

Hatua ya 3: Ruhusa

Barua iende kwa mkuu wa shule kupitia mlezi. Itaje tarehe, mahali, njia ya kuchangisha na watakaoshika fedha. Mwanafunzi akitoka nje ya shule, mzazi atoe idhini kwa maandishi.

Hatua ya 4: Njia ya kuchangisha

Angalieni kitakachobaki mkononi. Tamasha la vipaji likiingiza 100 na kutumia 70, mmepata 30. Kuosha magari kukiingiza 50 na kutumia 5, mmepata 45, tena bila kukodi vipaza sauti. Kwa klabu changa napendelea shughuli zinazotaka nguvu kuliko mtaji: kuosha magari, kuuza vitabu vilivyokwisha kusomwa, au matembezi ya hisani, ambapo kila mtembeaji hutafuta watu wa kumwahidi kiasi fulani kwa kila kilomita. Ugumu wa matembezi ni kufuatilia ahadi. Kila ahadi iandikwe, ikusanywe ndani ya wiki moja.

Bahati nasibu sishauri. Nchi nyingi huihesabu kuwa mchezo wa kubahatisha unaohitaji kibali, na ninyi ni wanafunzi.

Hatua ya 5: Fedha

Hapa ndipo klabu nzuri hufia, na mara nyingi hakuna mwizi. Fedha zilihesabiwa na mtu mmoja, nauli ikatolewa kwenye sanduku "tutaandika baadaye", na wiki mbili baadaye hakuna anayekumbuka. Marafiki wanaanza kutazamana vibaya.

Sanduku lifungwe kwa kufuli, ufunguo ukae kwa mlezi. Wahesabuji wawe wawili au zaidi, mezani, siku hiyo hiyo, nao watie saini chini ya jumla. Risiti ziwe na namba zinazofuatana, na inayoharibika isitupwe, ifutwe kwa mstari na ibaki kitabuni. Matumizi yatoke baada ya hesabu kuandikwa. Kisha fedha zikabidhiwe kwa mhasibu wa shule au benki, zisilale bwenini hata usiku mmoja.

Hatua ya 6: Siku ya huduma na ripoti

Nendeni mkafanye kazi, msiende kupiga picha. Mkitaka picha, ombeni idhini kwanza, na sura za watoto ziachwe. Ripoti iwe ukurasa mmoja: kilichoingia, kilichotumika, kilichofanyika, kilichobaki. Ibandikeni pale pale mlipobandika tangazo la mchango.

Maswali ya wanachama

Swali: Shikamoo mwalimu. Sisi tuko 9 tu, tungoje tuwe wengi?

Jibu: Marahaba. Msingoje. Watu 9 wanaweza kupanga maktaba ya shule ya msingi kwa Jumamosi mbili. Wenzenu wakiiona kazi watawafuata.

Swali: Tunaweza kutumia sehemu ya mchango kushona fulana za klabu?

Jibu: Hapana. Aliyechangia taa amechangia taa. Klabu za Lions hutenganisha fedha zilizochangwa na umma na fedha za uendeshaji zinazotokana na ada za wanachama. Nanyi fungueni kurasa mbili kwenye daftari, fulana zitoke kwenye ada.

Swali: Wengine wanakuja ili wapate cheti tu. Tuwafukuze?

Jibu: Waacheni waje. Wapeni kazi inayowakutanisha na watu ana kwa ana. Nimewaona kadhaa waliokuja kwa cheti wakabaki baada ya kukipata. Ila saa za huduma ziandikwe kwa haki, na asiyefanya kazi asiandikiwe.

Swali: Mimi ni mweka hazina. Hesabu yangu imepungua na sijui fedha zimekwenda wapi. Nimefikiria kujazia kutoka mfukoni kimya kimya.

Jibu: Usijazie, mwanangu. Ukijazia umeficha kosa, na litarudi likiwa kubwa. Nenda kwa mlezi leo na daftari lako, mkae mfuatane na namba za risiti moja baada ya nyingine. Upungufu usipopatikana, uandikwe kama ulivyo kwenye ripoti, na mara ijayo usihesabu peke yako.