Jinsi ya kulea gapi wazaane bila kudhoofika

Kama unafuga gapi, wale samaki wadogo wa urembo, halafu kila kizazi kinatoka na umbo dogo kuliko kilichopita, soma hapa, tatizo linaweza kuwa ni wewe unavyochagua wa kuuza.

Kwanza mjue jike. Dume ana rangi, na pezi lake la chini limekuwa kijiti chembamba, jike ni mkubwa na amepauka. Gapi hatagi, anazaa watoto wanaoogelea saa hiyo hiyo, na akishapandwa mara moja anatunza mbegu miezi kadhaa kwa hiyo hata jike uliyemtoa dukani peke yake anaweza kukuzalia mara mbili tatu. Mimba ni kama wiki 4. Angalia lile doa jeusi nyuma ya tumbo, likiwa jeusi tii na tumbo limekaa pembe pembe kama boksi, jiandae.

Mama anakula wanawe, hana habari. Jaza majani ya majini mpaka juu kabisa maana watoto wanajificha juu juu, wape kiini cha yai kidogo sana, kikizidi maji yananuka. Wakifika wiki 4 tenganisha madume.

Sasa hapa ndo pa muhimu. Kwao Trinidad, kisiwa cha Karibiani, vijito vina maporomoko, chini ya maporomoko kuna samaki wakali wanaokula gapi wakubwa, juu hawapo. Gapi wa chini wanabalehe mapema wakiwa wadogo na wanazaa vitoto vingi vidogo, yaani wanawahi kabla hawajaliwa. Mwaka 1976 mwanabiolojia John Endler akahamisha gapi wa chini akawapeleka kijito cha juu kisichokuwa na gapi, miaka 11 baadaye walikuwa wanachelewa kubalehe, wana miili mikubwa, watoto wachache ila wakubwa, na tabia hiyo ilibaki mpaka kwa wajukuu waliokuzwa maabara.

Kwa hiyo ukiuza wakubwa kila wiki, wewe ndo yule samaki mkali, wanaobaki kukuzalia ni wale wadogo waliowahi. Fanya kinyume: majike wakubwa wanaokua vizuri waache wazae, uza wadogo waliowahi kubeba mimba, na dume mbegu chagua aliyekua mkubwa, usiangalie mkia tu.

Na wakizidi, tafadhali usimwage mtoni. Jike mmoja mwenye mimba anatosha kuanzisha ukoo mzima kwenye maji ya samaki wetu wa asili. Mpe jirani anayefuga.