Kupima makali ya kiuavijasumu kipya kwa bakteria wa mtoto anayeharisha

Chota choo penye damu au kamasi, kabla mtoto hajameza kiuavijasumu chochote. Shigella, bakteria wa kuhara damu, hufa upesi choo kinapochacha, kwa hiyo sampuli ifike maabara ndani ya saa 2. Ikitoka Likoni, ng'ambo ya kivuko cha Mombasa, na feri ina foleni, muda huo ni mfupi. Kwa hiyo tia kijiti cha pamba chenye choo kwenye Cary-Blair (jeli ya kusafirishia sampuli) palepale, kikae ndani ya kikasha chenye barafu.

Bakteria akishatambuliwa, mwoteshe upya usiku kucha kwenye agari (jeli ya kuoteshea bakteria) isiyo na vizuizi. Ukimchukua moja kwa moja kwenye MacConkey, agari yenye vizuizi, unaweza kubeba na bakteria wengine waliozuiwa tu, hawajafa.

Wengi hukimbilia diski yenye dawa na rula ya kupima duara lisiloota bakteria. Kwa dawa mpya isiyo na viwango vya kusomea, ukubwa wa duara haukuambii kitu. Tafuta kiwango cha chini kabisa kinachozuia bakteria kukua.

Unga wa dawa ukitoka kwenye friji, usifungue chupa mpaka imalize ubaridi wote na ifikie joto la chumba. Kwa unyevu wa Mombasa umande huingia mara moja, unga ukalowa na mizani ikakudanganya. Kosa hili huharibu kazi nzima bila dalili.

Katika sahani ya vishimo 96, tia mikrolita 50 za mchuzi wa Mueller-Hinton (wa kuoteshea bakteria) wenye dawa, kila kishimo nusu ya kilichotangulia. Ukitaka mikrogramu 64 kwa mililita, anza na 128, maana mchuzi wa bakteria utaizimua. Koroga makoloni 3 hadi 5 kwenye maji ya chumvi mpaka yafikie McFarland 0.5 (kipimo cha ukungu wa bakteria), zimua mara 100 kwa mchuzi, kisha tia mikrolita 50 kila kishimo ndani ya nusu saa. Kishimo kimoja kikose dawa, kingine kikose bakteria. Pima pia E. coli ATCC 25922, bakteria wa kulinganishia.

Hakiki idadi ya bakteria: mikrolita 10 za kishimo kisicho na dawa katika mililita 10 za maji ya chumvi, pandikiza mikrolita 100 kwenye agari. Yakiota makoloni kama 50, uko sawa. Yakizidi mno, dawa itaonekana dhaifu bure.

Funika, weka 35°C kwa saa 16 hadi 20, sahani zisipangwe zaidi ya 4. Jibu ni kishimo cha kiwango cha chini kabisa kilichobaki safi. Kikirukwa kimoja, yaani kiko safi ilhali cha dawa nyingi zaidi kina ukungu, usikihesabu: soma kiwango cha juu. Vikirukwa viwili, rudia.

Mtoto mwenyewe hangoji sahani: aendelee na ORS na zinki, miligramu 20 kwa siku, au 10 akiwa chini ya miezi 6.